Ekari nne milimani, mbili bondeni: jinsi ya kulisoma shamba la Elgeyo-Marakwet

Swali: Mimi ni mwalimu, nafundisha Nakuru. Nimerithi ekari nne juu ya Kapsowar, njia ya Kapyego. Simu ikipima inasema mita 2,700 hivi. Nina ekari mbili nyingine chini, Bonde la Kerio, si mbali na Arror. Shamba la juu lina mteremko na kijito mpakani. La chini hupata maji ya mfereji wa ukoo. Tangu utotoni naambiwa kaunti yetu ina misitu, mvua na mito, lakini pesa hazionekani. Kwa nini? Nami nipande nini, na wapi? Wengine wananishauri nijaze miti kote kisha nisahau.

Jibu: Mwalimu, nitaanza na hilo la pesa kwa sababu ndilo linaloamua la mbegu.

Ramani ya ukutani huonyesha Elgeyo-Marakwet kama utepe mwembamba, kilomita za mraba 3,030 hivi, uliolala kutoka kusini hadi kaskazini kati ya Uasin Gishu na Mto Kerio. Ukiitazama hivyo hutaielewa. Itazame kwa ubavu. Juu kuna nyanda za Keiyo na milima ya Cherangany, zinazoanzia kama mita 2,300 na kupita 3,000 upande wa Marakwet. Chini kuna bonde, mita 1,000 hivi, na huzidi kushuka kadiri mto unavyoelekea Ziwa Turkana. Katikati kuna ukuta, mteremko ambao mahali pengine huanguka zaidi ya mita 1,000 katika kilomita chache tu. Lami ya Iten, makao makuu ya kaunti, kwenda Kabarnet kupitia Tambach huuteremka kwa kona baada ya kona, na dereva mwenye mzigo hushuka kwa gia ndogo akihofia breki kupata moto.

Joto hupungua kwa nyuzi 6.5 hivi kila upandapo mita 1,000. Kati ya shamba lako la juu na la chini kuna karibu mita 1,700, yaani nyuzi 11. Mvua nayo ni kama milimita 700 kwa mwaka bondeni na hufikia 1,700 milimani. Kwa hiyo usiyahesabu kuwa shamba moja la ekari sita. Ni mashamba ya nchi mbili, na kitakachokupa faida katika moja kitakufilisi katika lingine.

Mawe pia yanatofautiana. Upande wa Keiyo, ukingo wa juu una kofia ya lava ngumu. Maji ya mvua huzama nyufani na kutokea chini yake kama chemchemi, ndiyo maana vijiji vingi vimejipanga kwenye kipande cha ardhi tambarare kilicho katikati ya mteremko. Cherangany, kwako, si milima ya volkano. Ni mwamba wa kale sana ulioinuliwa na nyufa za Bonde la Ufa, na juu yake kuna udongo mzito uliotokana na kuoza kwa mwamba huohuo. Udongo huo una rutuba ya kutosha na hushika maji vizuri. Ukishiba kupita kiasi huteleza juu ya mwamba kwa mkupuo mmoja. Tutalirudia hili tukifika bondeni.

Sasa pesa. Watu 454,480 waliohesabiwa mwaka 2019 wanaishi katikati ya mali ambayo sehemu kubwa kisheria si yao. Misitu ya Embobut, Kipkunurr, Kessup, Sabor, Metkei na Kaptagat ni ardhi ya umma, na msimamizi wake ni Shirika la Huduma za Misitu, KFS, ambalo ni la serikali kuu. Mti ukiuzwa, bei yake hulipwa huko. Kaunti hubaki na ushuru mdogo na barabara iliyochimbika. Jirani wa msitu hupata haki za matumizi kupitia chama cha jamii cha misitu: kuni zilizoanguka, malisho kwa ada, mizinga, na ploti za kulima kati ya miche michanga kwa miaka mitatu hivi hadi kivuli kifunge. Embobut hata hilo lina mgogoro. Wasengwer, jamii iliyokuwa ikiishi humo, wanasema ule ni msitu wa mababu zao, na Januari 2014 waliondolewa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto.

Maji vilevile. Mto Moiben huzaliwa Cherangany na kwenda magharibi hadi Nzoia na Ziwa Victoria. Bwawa la Chebara lililojengwa juu yake hunywesha Eldoret. Madini ya floraspa ya Kimwarer, kusini mwa kaunti, yalichimbwa tangu miaka ya 1970 na kusafirishwa nje, na bei ya dunia ilipoanguka mgodi ukafungwa mwaka 2016. Riadha huleta fedha nzuri Iten, kwa kuwa mita 2,400 ni urefu unaofaa mapafu ya mkimbiaji, lakini zawadi za mbio nyingi hugeuka majengo ya kukodisha Eldoret, mwendo wa kilomita 35 hivi. Hazina ya kaunti hutegemea mgao wa Nairobi: mwaka wa fedha wa 2021/22 ulikuwa kama Sh4.6 bilioni, na makusanyo ya ndani hayakufika hata sehemu ya kumi ya hizo.

Kinachobaki mikononi mwa familia ni shamba dogo, na shamba dogo la huku halikosi mazao. Hukosa subira. Maziwa hayangojei barabara ikauke, embe haliingojei lori, na kiazi cha aina ya Shangi kikikaa wiki chache huanza kuchipua ghalani. Mnunuzi anayajua haya yote kuliko mkulima. Anapofika Kapyego baada ya siku tatu za mvua, bei aliyonayo imekwisha kupimwa kwa hofu yako. Kwa hiyo, kwa kila zao utakalofikiria, jiulize maswali mawili kabla ya kuuliza habari ya udongo: kilo moja ina thamani gani, na inaweza kungoja siku ngapi?

Ekari nne za juu

Kwa mita 2,700 sahau mahindi ya kuuza. Yatakaa shambani miezi tisa au zaidi, baridi ya usiku ikiyachelewesha, na gunia lako litaingia sokoni pamoja na ya Uasin Gishu na Trans Nzoia, ambako trekta hulima tambarare. Panda kipande kidogo cha mahindi ya kuchoma nyumbani, basi.

Viazi ndivyo vyenye nguvu hapo, na kuna sababu ambayo wengi hawaitumii. Baridi ya juu hupunguza vidukari wanaoeneza virusi, na bakteria wa mnyauko hawana nguvu kama walizonazo mita 1,800. Shamba kama lako lina nafasi ya kuuza *mbegu*, si chakula tu. Kilo ya mbegu safi huuzwa ghali kuliko ya kupikwa, na mbegu inatakiwa ingoje. Kuchipua, ambako ni hasara kwa kiazi cha chipsi, hapa ndilo lengo.

Hesabu ya ekari moja ni hii. Mistari sentimita 75, mche hadi mche 30: mashimo kama 18,000. Kiazi cha mbegu kinafaa kuwa na ukubwa wa yai la kuku, gramu 50 hivi, kwa hiyo unahitaji kilo 900, yaani magunia 18 ya kilo 50. Ukinunua vikubwa ukavikata, kisu kimoja kitabeba ugonjwa kutoka kiazi hadi kiazi, usikate. Mbolea ya kupandia inayopendekezwa ni mifuko minne ya kilo 50 ya DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, lakini usiinunue kabla ya kupima udongo. Udongo wa milima yenye mvua nyingi huwa na asidi, na DAP mwaka baada ya mwaka huizidisha. Pimo la asidi (pH) likiwa chini ya 5.5, fosforasi unayoinunua hukamatwa na udongo na mizizi haiipati. Hapo weka chokaa ya kilimo kwa kiasi kitakachoandikwa kwenye ripoti ya maabara, wiki kadhaa kabla ya kupanda, na utumie mbolea ya mchanganyiko ya NPK badala ya DAP. Usizidishe chokaa kwa kudhani ukiongeza ndivyo vizuri. Asidi ya udongo ikiisha kabisa, ugonjwa wa magamba kwenye ngozi ya viazi hupata nafasi.

Adui wa kwanza ni blaiti, ule ukungu unaoanza kama doa la majimaji kwenye ncha ya jani na, asubuhi yenye umande, kuonyesha utando mweupe upande wa chini. Dawa ya mankozebu ni ya kukinga tu. Lazima iwe juu ya jani kabla ukungu haujatua. Mvua ikishika, nyunyiza kila siku 7 hadi 10, ukipishanisha na dawa inayoingia ndani ya mmea. Makosa mawili huonekana kila msimu: watu husubiri waone doa ndipo wanunue mankozebu, na watu hunyunyiza juu pekee wakati ukungu uko chini ya jani. La tatu, ambalo ni la kusikitisha zaidi, ni kurudia dawa ileile ya kupenya mara tano mfululizo hadi ukungu unaizoea.

Adui wa pili ni mnyauko wa bakteria, na huo hauna dawa. Mmea hunyauka ungali kijani. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kining'inize ndani ya glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka ndani ya dakika chache, umeupata. Ng'oa mmea pamoja na udongo wake na viazi vyote, ufukie mbali na njia ya maji, na usiuze hata kiazi kimoja cha kipande hicho kuwa mbegu. Usimwachie jirani ajifunze kwa kununua kwako. Mnyauko hufika kwa mbegu za sokoni, kwa jembe lililoazimwa, na kwa maji yanayotiririka kutoka shamba la juu. Chimba mtaro wa kukinga maji mpaka wa juu hata kama jirani ni ndugu.

Gawa ekari zako vipande vinne, na kila kipande kirudie viazi baada ya misimu mitatu bila viazi. Katikati weka shayiri ya mifugo pamoja na vechi (mmea wa malisho wa jamii ya kunde), minji, au kabeji. Usiweke managu wala nyanya katika mzunguko huo. Ni jamii moja na viazi na hulea magonjwa yaleyale. Managu yaliyojiotea katikati ya kabeji huvunja mzunguko wote, na hakuna anayeyang'oa kwa sababu ni mboga.

Mavuno ya kawaida ya mkulima wa Kenya ni tani tatu hadi nne kwa ekari. Mwenye mbegu safi na ratiba ya dawa hufika tani kumi. Lakini tazama gunia kabla ya kutazama tani. Kanuni za viazi za mwaka 2019 zinasema gunia lisizidi kilo 50. Broka hupendelea lile lenye kilemba cha nyavu juu, mukorino. Tuseme anatoa Sh2,500 kwa gunia na una tani nne. Kwa gunia la kilo 50 unapata magunia 80, Sh200,000. Kwa gunia la kilo 130, viazi vilevile hujaza magunia 31 tu, na unaondoka na Sh77,000 hivi. Hakuna mbolea wala dawa itakayoziba pengo hilo. Nunua mizani ya kuning'iniza, na muuze kwa kikundi. Mkulima mmoja akikataa, lori hupita tu na kusimama kwa jirani.

Kwa mbegu, jenga banda dogo la mwanga hafifu: kuta za mbao zenye nafasi, paa la nyasi au bati lililotandikwa nyasi, rafu za fito zenye tabaka mbili au tatu za viazi tu. Mwanga usio wa jua moja kwa moja hufanya machipukizi yawe mafupi, manene na ya kijani. Gizani hurefuka meupe kama nyuzi na huvunjika kwenye gunia. Mazao ya kuuza kama mbegu iliyothibitishwa lazima yakaguliwe shambani na KEPHIS, shirika la serikali la afya ya mimea, kwa hiyo jisajili kabla ya kupanda. Baada ya kuvuna hakuna atakayeweza kukukagulia.

Maziwa ni nguzo ya pili, ila yanataka mtu wa kuaminika nyumbani, na wewe uko Nakuru. Ng'ombe wa gredi anayetoa lita 15 hunywa maji lita 60 hadi 80 kwa siku. Maji ya kijito yakiwa umbali wa kupandisha kwa mtungi, maziwa yatapungua na hutajua kwa nini. Napia, nyasi ndefu ya malisho ambayo kila mtu atakushauri, hulegea sana ukipita mita 2,100 hivi, na jalidi huichoma. Huko kwako shayiri na vechi hukatwa zinapoanza kutoa suke, nyingine hukaushwa. Tatizo la mauzo ni maziwa ya jioni. Ya asubuhi hupata gari. Ya jioni hulala bila kupozwa, na bila kufika nyuzi 4 ndani ya saa mbili hivi za kukamuliwa, bakteria huwa wameyamaliza kabla ya kipimo cha asubuhi. Mtungi wa plastiki huchangia, kwa sababu mikwaruzo ya ndani haioshwi ikatoka. Tumia mkebe wa aluminiamu. Kabla ya kununua ng'ombe, tembea kutoka langoni pako hadi kituo cha kupozea kilicho karibu, mwezi wa Mei, mvua ikinyesha. Ukifika na viatu, nunua. Kama hakuna kituo cha kufikika, ng'ombe wawili wa nyumbani watatosha.

Na miti? Ushauri wa kujaza ekari nne ukasahau si wa kupuuza, ila haujakamilika. Saipresi hupandwa mita 2.5 kwa 2.5, yaani miche kama 650 kwa ekari, hupogolewa na kupunguzwa mara kadhaa, na mbao nzuri hutoka baada ya miaka 25 hadi 30. Ukipanda ukasahau, bila kupogoa, utavuna mbao zenye macho kila futi na mnunuzi ataziita kuni. Bei nayo huamuliwa mbali nawe. Februari 2018 serikali ilipofunga ukataji katika misitu ya umma, wenye viwanda waligeukia miti ya mashambani. Julai 2023 Rais alipotangaza kufungua, kesi zikaingia. Kila uamuzi wa aina hiyo hupandisha au kushusha thamani ya mti wako bila wewe kugusa shoka.

Miti iende mahali ambapo jembe halifai. Pima: funga kamba ya mita 10 kwenye vijiti viwili, iweke sawa kwa pima-maji, kisha pima kutoka kamba hadi ardhi upande wa chini. Ikizidi mita 3.5, mteremko umepita asilimia 35, na kanuni za matumizi ya ardhi zinakataza kulima hapo. Hapo ndipo mahali pa saipresi. Kati ya asilimia 12 na 35 lima, lakini kwa matuta yanayofuata usawa na mistari ya nyasi. Mistari ya viazi inayoshuka na mteremko ni rahisi kulima, na ndiyo inayopeleka udongo wako Turkana. Kando ya kijito acha mita 30 bila kulima, uweke mianzi ya asili ya Cherangany na miti ya kienyeji. Mkaratusi usiuruhusu hapo kabisa, hata kama nguzo zake hukomaa kwa miaka minane hadi kumi.

Ekari mbili za chini

Bondeni, ardhi bila zamu ya maji ni malisho ya mbuzi tu. Mifereji ya Wamarakwet ina umri wa karne kadhaa, mingine hupita kilomita kumi ubavuni mwa mlima kwa mawe, udongo na magogo, na mwenye mfereji ni ukoo. Unachorithi kwa kweli ni saa: zamu yako ya mchana au usiku katika mzunguko. Saa hizo hulipiwa kwa jasho. Kila mwaka boma la mawe na matawi kwenye mdomo wa mfereji, pale unapochota maji mtoni, hubomolewa na mafuriko na kujengwa upya, na asiyetokea wala kutuma mtu hutozwa faini. Akizoea, zamu yake hupewa mwingine. Kimila kazi ya mfereji mkuu ni ya wanaume, na wanawake hawaukaribii. Ikiwa wewe ni mama, panga mapema na ndugu wa kiume atakayesimama kwa niaba yako. Waone wazee kabla ya kupanda chochote, uulize mambo matatu: zamu ni ya siku ngapi, ni saa zipi, na wakati wa kiangazi hupunguzwa vipi.

Halafu angalia shamba liko wapi kuhusiana na mto unaotoka mlimani. Chini ya kila korongo kubwa kuna uwanda wa udongo uliomwagwa na mto kwa mfano wa upepeo. Hapo udongo ni mpya, maji yako karibu, soko na shule hujengwa hapo. Lakini upepeo huo ulijengwa na maporomoko ya zamani, na mapya hufuata njia ileile. Chesongoch ilipigwa Aprili 2020 na tena mwanzoni mwa Novemba 2025. Mvua kubwa hushibisha udongo wa juu, mahali palipofyekwa hakuna mizizi ya kuushika, mfereji unaovuja huongeza maji palepale, na tope hushuka usiku. Ukiona mawe makubwa yaliyochanganyika na udongo mwembamba bila mpangilio, au mawe ya ukubwa wa meza katikati ya shamba tambarare, uko kwenye njia hiyo. Lima hapo, usijenge nyumba ya kulala.

Zao la kuanzia ni ndengu. Zina thamani kwa kilo, hukomaa kwa siku 65 hadi 90, na zikikauka vizuri hungoja miezi. Kilo 8 za mbegu kwa ekari, mistari sentimita 45, mbegu hadi mbegu 15. Kagua maua kila siku tatu. Vithripi, wadudu wadogo sana wa maua, na viwavi wa maganda hula mavuno katika wiki hiyo moja ya maua. Vuna maganda mengi yanapogeuka meusi, asubuhi kabla jua halijayapasua. Zikaushe hadi zikivunjwa kwa jino zilie, uziweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, na fukusi watakufa kwa kukosa pumzi. Magunia manne hadi sita ya kilo 90 kwa ekari ni mavuno ya kuridhisha, na huhitaji kuyauza wiki ya mavuno.

Embe hustawi sana bondeni na hapo ndipo penye mtego. Apple, Kent na Ngowe hukupa matunda tangu mwaka wa tatu au wa nne, lakini huiva pamoja na ya majirani wote, na nzi wa matunda aliyeonekana Kenya kwa mara ya kwanza mwaka 2003 hutaga mayai ndani kabla hujaona kitu. Panda miti ishirini kwenye nusu ekari, mita 10 kwa 10, ya kupandikizwa. Weka mitego yenye chambo kinachovuta nzi dume, na okota kila embe lililoanguka, ulifukie nusu mita kwenda chini au ulifungie kwenye plastiki nyeusi juani. Mtego bila kuokota ni bure, maana nzi wapya hutoka ardhini chini ya mti wako mwenyewe. Mizinga kwenye migunga iliyobaki haihitaji zamu ya maji, na asali ni zao linalopanda mlima bila kuharibika.

Mifugo ya bondeni ningeiacha kwa sasa. Februari 2023 serikali ilituma wanajeshi kusaidia polisi katika kaunti kadhaa za kaskazini mwa Bonde la Ufa, hii ikiwa mojawapo, kwa sababu ya wizi wa mifugo na mauaji. Gunia la ndengu halimvutii mwizi mwenye bunduki.

Kabla ya kutoa shilingi

Fanya upekuzi wa hati ofisi ya ardhi Iten kwa kila kipande, na kwa shamba la juu muombe mpima akuonyeshe alama za mpaka wa msitu. Ua uliopandwa na babu si mpaka, na ekari inayobainika kuwa msituni haitalipwa fidia. Hakikisha urithi umeandikishwa kwa jina lako, si la marehemu; bila hilo hutaweza kulitumia shamba kama dhamana ya mkopo, wala kupata kwa urahisi ruhusa ya kukata miti yako mwenyewe. Chukua sampuli za udongo mahali kumi na tano kwa kila kipande, kina cha sentimita 20, changanya, upeleke nusu kilo.

Bajeti ya mwaka wa kwanza iwe ya ekari moja ya viazi, banda la mbegu, ekari moja ya ndengu, na miche ya mteremko. Mvua ndefu huanza Machi au Aprili na wazalishaji wa mbegu safi huishiwa mapema, kwa hiyo weka oda na malipo ya kwanza kabla ya Krismasi, uliza tarehe mbegu zilipovunwa, na umwambie muuzaji gari litapita Iten na Kapsowar ili alete siku ambayo barabara ya Kapyego ni kavu.